Mwavuli Usio na Kwao

Jumatatu, 3 Machi

Tumejitoa! Redio imetangaza saa mbili asubuhi, kikombe kiko mkononi. Kuanzia usiku wa manane leo, nchi yetu si mwanachama tena wa Umoja wa Forodha. Daraja linarudi kuwa mpaka. Mpaka maana yake ushuru, ushuru maana yake fomu, na fomu katika mji huu maana yake mimi. Chai nimeimwaga kwa furaha.

Nimelitoa sanduku la bati mvunguni. Miaka ishirini na miwili limekaa humo, na Mama Watoto amelipigia kelele kila tukipata mgeni, kila panya akizaa. Leo limefunguka. Fomu Namba Saba, Tamko la Bidhaa Zivukazo Mpaka, mia tisa na arobaini, hazijaguswa. Karatasi za kaboni, pakiti sita. Mhuri wangu wa Dirisha la Tatu. Harufu ya kaboni ikanipanda puani, nikajiona tena karani wa miaka ishirini na sita, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, foleni imefika hadi kwenye nguzo ya taa. Nakala Nne, ndivyo walivyoniita. Nyeupe ya forodha, waridi ya makao makuu, manjano ya ghala, buluu ya mwenye mali. Nikakaa sakafuni, nikalia kidogo. Si aibu.

Kisha nikaenda karakana kupeleka habari njema. Karakana ni ya Mama Watoto, iko uani kwetu: vyerehani saba, yeye na washonaji sita, wanatengeneza miavuli. Mimi, tangu lango la daraja lilipoondolewa na dirisha langu kufungwa, kazi yangu ni kuhesabu mbavu za chuma na kuambiwa nimekosea. Nikaingia meno yote nje. Hakuna aliyecheka. Mama Watoto alinitazama kana kwamba nimecheka matangani.

Ukweli ni kwamba mwavuli wetu ni msafiri. Kitambaa hutoka nchi moja ya Umoja, mbavu nchi nyingine, sisi tunashona, na mipini ya mbao huchongwa hapo ng'ambo ya daraja. Na sasa ipo miavuli mia nne ya chuo cha wauguzi, huko huko ng'ambo, inayotakiwa kabla ya Jumamosi tarehe 22. Imeshashonwa yote. Haina mipini. Mama Watoto alisema polepole kwamba oda hii ikipotea karakana inafungwa, maana wateja wa upande huu peke yao hawalishi hata vyerehani viwili. Nikamwambia aondoe wasiwasi, makaratasi ni juu yangu. Akashusha pumzi. Sijui kwa nini.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamkia darajani. Foleni! Malori yamejipanga kutoka kizuizini hadi kwenye kituo cha mafuta, na dereva wa kwanza alikuwa amekwisha kuanika soksi kwenye kioo. Nilitembea kando yake taratibu, nikigusa matairi. Miaka ishirini na miwili magari yalikuwa yakipita hapa bila hata kupunguza mwendo, kama maji. Nilikuwa nikija jioni kuyatazama na roho inaniuma.

Ofisi ile ile, rangi mpya. Afisa ni binti aliyezaliwa mwaka ule ule lango lilipoondolewa. Hajawahi kuona mpaka maishani mwake, na sasa amekabidhiwa mmoja. Mbele yake kompyuta, na kwenye kompyuta kiduara kinazunguka. Amesema mfumo mpya bado haujawa tayari. Lini utakuwa tayari? Hajui. Lori la tatu lina nyanya, na dereva wake alikuwa amejiinamia. Muuza chumvi wa jumla alikuwa akipiga simu huku na huku, akiwaambia wateja wake wa ng'ambo wavute subira, na nilivyomsikia, walikuwa wanamwambia wamepata chumvi kwingine.

Nikaweka Fomu Namba Saba mezani. Binti akaishika kwa ncha za vidole. Akauliza lile karatasi jeusi ni la nini. Nikamwonyesha: andika hapa, tazama, limetokea na hapa, na hapa, na hapa. Aliinua macho kwa mshangao wa kweli. Mtu akiniuliza siku ya furaha yangu kubwa nitataja siku ya ndoa, lakini hii itakuwa inafuata kwa karibu.

Ameahidi kuwauliza wakubwa.

Alhamisi, 6 Machi

Makao makuu yamekubali! Fomu Namba Saba itatumika kwa muda, mpaka mfumo upone. Nimepewa kiti. Dirisha la Tatu! Mshauri wa hiari, ndicho cheo. Wa hiari maana yake hawanilipi, lakini heshima ni heshima. Dirisha bado lina ule ufa wa pembeni. Nimeketi, nikapuliza mhuri, nikaugonga. Mlio ule ule.

Shida ya leo: asili. Sasa tuko nje ya Umoja, na kila kitu kinachovuka ni lazima kiseme kwao ni wapi. Kilicho cha kwetu zaidi ya nusu, ng'ambo wanakitoza kiasi fulani. Kilicho cha kwao, kiasi kingine. Kilicho cha wengine, kiasi cha kumtoa mtu machozi. Nikachukua mwavuli mmoja wa Mama Watoto kuwa mfano wa kufundishia. Binti akauchambua. Kitambaa cha kule, mbavu za kule kwingine, mpini wa ng'ambo. Akauliza cha kwetu ni nini. Nikasema uzi. Akasoma lebo ya uzi. Haukuwa wetu. Kilichobaki ni matundu ya sindano. Kwa hiyo mwavuli huu hauna kwao. Chini ya Umoja ulikuwa na kwao kote, wala hakuna aliyeuuliza.

Nimerudi nyumbani kifua mbele, nikasimulia yote wakati wa kula. Mama Watoto alisikiliza, kisha akasema yeye anakumbuka kitu kingine. Anakumbuka siku lango lilipong'olewa. Watu walicheza darajani. Yeye aliacha maji ya chai jikoni, akavuka, akanunua jora la kitambaa, akarudi, na maji bado hayajachemka. Alisimama katikati ya jikoni na jora lake, akacheka peke yake. Aliposema hivyo sura yake ilikuwa changa kabisa. Nami siku hiyo nakumbuka nilikuwa nimejifungia chumbani na sanduku la bati. Kumbe kila mtu ana zamani yake.

Akaniuliza jambo moja tu: mipini itafika Jumatatu? Nikasema itafika.

Fundi Mipini ametuma salamu kwa simu. Huyo ndiye mchongaji wa ng'ambo, mgane, mabega mapana, mpole kupita kiasi. Kila akileta gunia la mipini huongeza mmoja wa ziada, umechongwa kichwa cha ndege, anasema ni wa dada, yaani Mama Watoto. Dada! Mama mbalimbali, baba mbalimbali, nchi mbalimbali, halafu dada. Vichwa vya ndege vimejaa kwenye kabati letu, vinanitazama nikivaa suruali. Moja ya faida za kujitoa ambazo redio haikuzitaja ni kwamba huyu bwana sasa atapunguza mazoea.

Jumamosi, 8 Machi

Siku nzuri iliyoharibika saa tano.

Mipini imefika darajani kwa mkokoteni, magunia manne. Nikasema leo nitaandika fomu ya kufundishia vizazi. Mwandiko wa kulala, wino mweusi. Nilipofika kwenye kisanduku cha Asili, mtu wa kawaida angeandika "ng'ambo", akalipa, akaondoka. Lakini mimi si mtu wa kawaida. Mimi najua kwamba Fundi Mipini hununua magogo upande wetu. Nikaandika: "Mti wetu, ufundi wao." Nikaegemea kiti, nimeridhika.

Binti akageuza fomu nyuma. Miaka yote ile hakuna aliyekuwa akisoma nyuma. Akasoma kwa sauti kifungu cha kumi na nne: bidhaa ambayo asili yake ina utata italazwa ghalani siku ishirini na moja, na tangazo libandikwe ubaoni, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Akaniuliza, kwa adabu zote, kama "mti wetu, ufundi wao" si utata. Magunia yakaingizwa ghalani. Leo na siku ishirini na moja ni tarehe 29. Wauguzi wanataka miavuli yao tarehe 22.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kifungu cha kumi na nne nilikitunga mimi.

Nikiri hapa, maana hapa hapasomwi na mtu. Miaka thelathini na moja iliyopita alikuja dirishani msichana amebeba mzigo wa mbavu za miavuli begani, kilemba cha kijani, jasho puani. Fomu yake haikuwa na kosa hata moja. Nikamwambia imekosewa, arudi kesho. Akarudi kesho. Nikamwambia tarehe imeandikwa upande usiofaa. Akarudi tena. Siku ya nne sikuwa na kosa jingine la kumtungia, roho ikaniruka. Wiki hiyo hiyo wakubwa wakataka mapendekezo ya kuboresha utaratibu wa forodha. Nikapendekeza siku ishirini na moja. Wakakubali kwa kauli moja, wakasema kijana ana uchungu na nchi. Na msichana akawa anakuja kila siku kuulizia mzigo wake. Siku ya kumi na tisa nilimuuliza kwao ni wapi na baba yake ni nani. Ndiyo hii nyumba ninamoandikia.

Nyumbani nimesema mipini itatoka Jumatatu. Mama Watoto akaniongezea mchuzi.

Jumatatu, 10 Machi

Mbinu ya kwanza: nimeandika barua kutoka kwa Mshauri wa Hiari kwenda kwa Afisa, kuomba kifungu cha kumi na nne kisimame kwa muda. Binti alisikitika sana. Akasema, mzee, fomu ni yako, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba fomu haina huruma ndiyo maana ina haki. Kweli nilisema. Alhamisi, nadhani, wakati wa chai.

Mbinu ya pili: mipini ya humu humu. Fundi seremala wa mtaa wa pili ana kitanda ambacho mteja alikikimbia. Nikamwambia akate miguu, achonge mipini minne ya majaribio, kila kitu chetu, asili safi. Nikaifunga kwenye miavuli minne, nikawaita washonaji waje washangae. Mshonaji mnene akafungua wa kwanza. Mguu wa kitanda una uzito wake. Mwavuli ukapinduka juu chini, ukamfunika kichwa kama ndoo. Wa pili ukachomoka, ukampiga kuku. Wa tatu na wa nne sikuruhusu ifunguliwe.

Hapo yule mshonaji tunayemwita Taarifa ya Habari akasema yeye anashangaa miguu ya kitanda ya nini, wakati mipini iko ghalani mpaka tarehe 29, tangazo amelisoma mwenyewe ubaoni, mwandiko wa kulala, mzuri ajabu. Mama Watoto alizima cherehani chake. Hakupayuka. Laiti angepayuka. Aliniuliza tu tangu lini najua. Nikasema tangu Jumamosi. Akasema, "Jumamosi nilikuongezea mchuzi." Akakiwasha cherehani.

Nimelala sebuleni kwa hiari yangu.

Jumatano, 12 Machi

Mvua! Imeanza alfajiri, ya mfululizo, wiki moja kabla ya zamu yake.

Niko dirishani, saa mbili, nasikia bati linavyolia, nakumbuka zile asubuhi za zamani wapagazi walipokuwa wakijibana chini ya upenu wetu. Nikainua macho. Kutoka mjini kuelekea darajani inakuja miavuli. Mweusi, mweusi, mweusi, mmoja nyuma ya mwingine, imefunguliwa, kila mmoja na mtu chini yake. Mbele kabisa Mama Watoto. Nyuma yake washonaji sita, kisha majirani, kisha mashangazi, kisha mke wa seremala. Kama watu ishirini. Wameshika vyuma vitupu. Hakuna mwavuli hata mmoja wenye mpini.

Binti akatoka, akawasimamisha, akaja dirishani mbio. Akauliza: mzee, hizi ni bidhaa au si bidhaa?

Watu wote wakanitazama. Mimi ndiye mwenye fomu. Mkono ukaenda wenyewe kwenye mhuri, na naapa nilikuwa nimefungua mdomo kusema Fomu Namba Saba, nakala nne, kila mmoja. Mama Watoto alikuwa amesimama kwenye mstari wa njano, maji yanamtiririka kiwikoni, ananitazama kupitia ule ufa wa kioo. Hakuomba. Miaka thelathini na moja iliyopita alisimama pale pale. Nikasikia sauti yangu ikisema kanuni ya zamani iko wazi: kilicho mwilini mwa msafiri na anakitumia si bidhaa. Binti akafikiri. Akainua kizuizi.

Wakavuka, wakaiacha kwa Fundi Mipini anayechonga mipini mipya usiku na mchana, wakarudi wamelowa chapachapa, wakachukua mingine. Saa nne mvua ikakatika ghafla, watu saba wako katikati ya daraja, jua linawaka, miavuli juu. Binti akaniangalia tena. Nikasema jua nalo lina watu wake. Wakapita.

Nimejiona mtu mwema leo. Ndiyo maana jioni, nikiwa na nafasi, nimeanza rasimu ndogo. Maana jambo zuri lisipowekwa kwenye utaratibu, litavurugwa na wajanja. Fomu Namba Nane: Tamko la Mwavuli Unaotumika.

Ijumaa, 14 Machi

Miavuli mia nne imevuka! Siku tatu. Taarifa ya Habari peke yake amevuka mara ishirini na sita, anasema miguu yake sasa ina uraia wa nchi mbili.

Wauguzi wameshaipokea, wiki nzima kabla. Wameagiza mingine mia mbili. Karakana imepona! Washonaji waliimba wakikata kitambaa, na Mama Watoto alinitupia neno la kwanza tangu Jumatatu, akaniuliza kama nimekula. Nilikuwa nimekula, nikasema sijala.

Rasimu ya Fomu Namba Nane nimempa binti. Ameipenda sana. Hasa kifungu cha tatu, mwavuli mmoja kwa mtu mmoja kwa siku moja, kuepusha fujo. Amesema ataituma makao makuu leo leo.

Jumatatu, 17 Machi

Makao makuu yameipitisha. Bila kubadilisha hata nukta! Waraka umekuja na lori la kwanza asubuhi, umebandikwa ubaoni. Jina langu halimo lakini mwandiko unajisema.

Nilikuwa nimekwisha kuinunulia fremu nakala yake ndipo nikaanza kupiga hesabu. Mtu mmoja, mwavuli mmoja, siku moja. Washonaji sita na Mama Watoto, saba. Majirani wamechoka, mashangazi wana mafua. Miavuli mia mbili kwa watu saba ni karibu mwezi mzima. Na mwenye kitambaa ameandika leo kwamba lori lake limekaa siku tisa kwenye mpaka mwingine, na kama sisi si Umoja tena, yeye anawatanguliza wateja walio ndani ya Umoja.

Niliificha fremu nyuma ya kabati. Mama Watoto alikuwa ameshausoma waraka. Mji mzima ulikuwa umeshausoma.

Jumanne, 18 Machi

Amenikalisha chini. Mezani, mchana kweupe, chai mbili.

Amesema hana hasira. Hilo ndilo lililonitisha. Amesema Fundi Mipini ana banda tupu kando ya lake, lina dirisha kubwa. Kitambaa kinafika kule bila kuulizwa, mbavu zinafika, mipini iko hapo hapo, wauguzi wako hapo hapo. Vyerehani ni vitendea kazi vyake mwenyewe, vinavuka naye bila fomu, ameshauliza. Washonaji wanne watamfuata, wawili wana watoto wachanga, wamelia, watabaki. Ataondoka kesho. Kule atapanga chumba.

Nikamwambia avute subira, mfumo utapona, serikali itafikiri upya, naweza kuandika pendekezo. Nikamwambia habari za Fundi Mipini na vichwa vya ndege, nikaona aibu. Alicheka kidogo, akaniambia yule ni mtu mpweke anayejua kuchonga ndege tu, kwa hiyo anachonga ndege, wala hajawahi kumwambia neno lisilofaa.

Kisha akaushika mkono wangu, ule wenye madoa ya kaboni.

"Ile fomu yangu ya kwanza," akasema, "nilijua haina kosa. Ningeweza kwenda Dirisha la Pili, nikamaliza siku ile ile. Nilirudi kwako kwa sababu nilitaka kurudi."

Miaka thelathini na moja! Nilidhani ilikuwa akili yangu.

"Daraja ni dakika kumi," akasema. "Sasa zamu yako. Jumamosi nitakungoja upande ule, saa nne. Njoo tu."

Nikasema nitakuja. Nikasema kwa moyo wote.

Jumatano, 19 Machi

Wameondoka. Vyerehani vitano kwenye mikokoteni miwili. Nilisukuma mmoja hadi kwenye mstari wa njano.

Uani pana alama tano sakafuni, mahali miguu ya vyerehani ilipokuwa, na vipande vya uzi kila pembe. Nilikuwa nikilalamika kelele zile haziniachi nisome gazeti. Leo nimelisoma gazeti lote, hadi matangazo ya kupotelewa. Nyumba hii haikuwahi kuwa na ukimya wa namna hii. Nilikaa karakana mpaka chai ikapoa, nikihesabu mbavu za chuma zilizobaki. Nimezipata mia moja na kumi. Nikarudia, mia na nane. Hakuna wa kuniambia nimekosea.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeamka saa kumi na moja. Nimenyoa, nimevaa shati lililopigwa pasi. Mikono mitupu haipendezi, nikachukua kile kigoda chake cha kushonea, alikisahau, najua mgongo unamuuma akikalia viti virefu. Saa nne kasorobo niko darajani. Manyunyu kidogo, mwanga mzuri, foleni fupi.

Binti akaniinulia kizuizi kabla sijafika. Akasema pita, mzee, mama yule pale anakungoja. Kweli, upande wa pili, mwisho wa daraja, nilimwona. Kilemba cha kijani. Sijui alikitoa wapi baada ya miaka yote ile. Mwavuli ameushika, na nafasi ya mtu wa pili ameiacha.

Nikaanza kuvuka. Nikafika kwenye mstari wa njano. Nikakitazama kigoda. Mbao za huku, misumari ya kule, kitambaa cha kukalia cha nchi nyingine kabisa. Nikamwambia binti, hiki kina utata.

Akasema mzee, ni kigoda. Akasema kiache hapa nikutunzie, vuka. Akasema kibebe tu, mimi sijakiona. Nilimhurumia, bado mchanga, moyo laini. Nikamwambia mimi ndiye niliyeianzisha fomu hii, nikiikwepa mimi ataijali nani? Nimerudi Dirisha la Tatu, nimejaza, mwandiko wa kulala, nakala zote nne. Tangazo nimelibandika mwenyewe ubaoni. Binti alipokea nyeupe, akageuka kutazama ukutani.

Kisha nikatoka hadi mstari wa njano, nikampungia Mama Watoto nakala ya buluu, juu kabisa, aione. Nikamwonyesha vidole: kumi, kumi, kimoja. Alisimama pale muda mrefu. Halafu akaufunga mwavuli, ingawa mvua ilikuwa bado haijakatika, akaondoka zake polepole.

Ameelewa. Huyo ndiye mwanamke niliyemwoa, hajawahi kubishana na utaratibu. Siku ishirini na moja ndizo zilizotuoanisha, na hizi nazo zitamrudisha dirishani. Tarehe 12 Aprili si mbali. Nimeacha kiti kimoja tupu kando ya changu, asije akasimama.